Kariakoo Walipata Waziri Mkuu, Songea Tulipata Risasi

Makamanda, kila mgomo ukitokea wimbo ni uleule: migomo inaua uchumi, maandamano yanafukuza wawekezaji, nchi ina hali ngumu, tulieni. Hivi vyuma vikikaza, kwa nini anayeambiwa atulie ni yule asiye na hela tu?

Mei 15, 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka. Malalamiko yao yalikuwa ya siku nyingi: kikosi kazi cha TRA, kamatakamata, usajili wa stoo. Mei 17 Waziri Mkuu Majaliwa alikuwa Mnazi Mmoja anawasikiliza mmoja mmoja, na kikosi kazi kikasimamishwa. Siku tatu tu! Kumbe jibu lilikuwepo, lilikuwa linasubiri makufuli. Juni 24, 2024 makufuli yakarudi, yakasambaa hadi Mwanza na Mbeya, na Serikali ikakaa mezani tena.

Sasa linganisha na walimu. Waligoma Julai 30, 2012, na ndani ya siku chache Mahakama ikasema mgomo ni batili, rudini darasani. Serikali yenye njaa ya hela inamsikia haraka anayeshika mlango wa hela. Mwalimu hashiki mlango huo.

Na mkulima wa mahindi wa Madaba au Namtumbo je? Huyu atafunga nini? Akigoma kulima, wa kwanza kulala njaa ni yeye. Juni 2017 Serikali ilipiga marufuku kuuza mahindi nje ya nchi. Bei ikaanguka, mbolea imeshakopwa, ada inadaiwa, na gunia likikaa ndani linaliwa na dumuzi. Hasara ile ilikuwa mgomo pia, ila waliogoma ni wanunuzi na aliyeumia ni sisi. Hakuna aliyesema unaua uchumi.

Siku Songea ilipotoka barabarani tunaikumbuka. Februari 2012 bodaboda na wananchi waliandamana kulalamikia mauaji ya mfululizo mjini kwetu. Hawakuomba kupunguziwa kodi, jamani. Waliomba ulinzi. Wakajibiwa kwa mabomu ya machozi na risasi za moto, na watu wakafa.

Mji huohuo! Mwaka 1906 Wajerumani walimnyonga hapa Nduna Songea Mbano na wenzake. Kila Februari viongozi wanakuja Makumbusho ya Majimaji kuweka mashada na kusifu watu waliokataa kodi ya mkoloni na pamba ya lazima. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alikuja hapahapa akaomba radhi. Familia za 2012 zisubiri rais wa nchi gani?

Kwa hiyo asitokee mtu kutuambia maandamano ni uhuni. Uhuni ni kumfanya mtu asisikilizwe mpaka afunge duka, halafu asiye na duka umpige risasi.

Sisi hatuna kufuli, ila tuna idadi. Kila kituo cha ununuzi wa mahindi, vijana wetu wadai bei na tarehe ya malipo zibandikwe ukutani kabla gunia halijapanda mzani. Na mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila miezi mitatu. Usipoitishwa, nendeni kwa mtendaji muulize kwa nini, mkiwa wengi, mchana kweupe. Ukiitishwa, swali la mahindi liwe la kwanza, na jibu liandikwe kwenye muhtasari.