Mnakwenda Seattle Kutazama Nini?

Ndugu zangu waandishi chipukizi, nimekasirika na sitaki kulificha. Dada mmoja wa kundi letu amealikwa na mjomba wake anayeishi Kent, kusini ya jiji la Seattle, Marekani, akamtembelee mwezi Julai. Akaandika ratiba ya siku sita, akatuonyesha: asubuhi kucheza pikoboli, mchana kula, jioni kutembea na kuona mji. Basi! Kwa vile vicheko ungedhani amesema anakwenda majuu kucheza kombolela. Eti mwandishi gani huyo, anapata bahati ya kufika Marekani halafu anapoteza asubuhi zake kugonga mpira wa plastiki na wazee? Aende kwenye mnara! Aende makumbusho! Apige picha!

Mimi nasema hivi: ratiba ile ni ya mwandishi kabisa kuliko hiyo mnayomshauri. Ina kasoro moja kubwa, nitaitaja. Lakini kasoro hiyo siyo pikoboli.

Tuanze na huo mnara wenu. Space Needle ulijengwa kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya mwaka 1962. Una futi 605, yaani mita 184 hivi. Ukipanda unayaona maji ya Puget Sound, na anga likiwa safi unauona Mlima Rainier na theluji yake. Pazuri, sibishi. Lakini unashuka na nini? Unashuka na picha ile ile aliyonayo kila aliyepanda. Ndiyo maana hadithi zetu za majuu zinafanana kama mapacha: majengo marefu, baridi, na Mwafrika mpweke anayechungulia dirishani. Hakuna jirani. Hakuna ugomvi wa zamu. Hakuna harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Mhusika amekaa Marekani miaka mitano na hajui jina la mtu yeyote! Hiyo siyo riwaya, ni kadi ya posta iliyorefushwa.

Sasa huo mchezo mnaoucheka. Mnajua umezaliwa wapi? Umezaliwa kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo tu ya Seattle, majira ya joto ya mwaka 1965. Joel Pritchard, mwanasiasa wa jimbo la Washington aliyekuja kuingia Bunge la Marekani, alirudi nyumbani na rafiki yake Bill Bell kutoka kucheza gofu. Wakakuta familia zimekaa tu, hazina la kufanya. Kiwanja cha vinyoya kilikuwepo, vifaa vyake havikuonekana. Wakachukua vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kucheza. Rafiki yao Barney McCallum akaingia, akasaidia kutengeneza vibao bora na kuweka sheria. Mwaka 2022 jimbo zima la Washington likautangaza kuwa mchezo wake rasmi.

Hebu niambieni, nani kati yetu ana haki ya kuucheka ubunifu wa namna hiyo? Sisi tuliocheza chandimu kwa mpira wa makaratasi na soksi? Sisi tuliotumia kandambili kama magoli? Ule ni mchezo wa watu waliokosa kitu wakatumia kilichokuwepo. Tungekuwa wa kwanza kuuelewa!

Na ukitazama sheria zake utaona kwa nini unamfaa mgeni. Uwanja ni futi 20 kwa 44 tu, kwa hiyo wachezaji wako karibu, wanasikilizana wakiongea. Mara nyingi mnacheza wawili kwa wawili, mpaka pointi 11, na lazima umzidi mwenzio kwa mbili. Kila upande wa wavu kuna eneo la futi 7 ambalo wao wanaliita jikoni. Ukiwa jikoni ni marufuku kuupiga mpira kabla haujadunda. Maana yake kijana mwenye misuli hawezi kusimama wavuni na kubamiza anavyotaka. Bibi wa miaka 70 mwenye akili anaweza kumtoa jasho mpaka akaomba maji.

Lakini kubwa zaidi ni utaratibu wa zamu. Kwenye viwanja vingi vya bustani za umma mgeni anaweka kibao chake kwenye foleni ya vibao vya wenzake. Zamu yake ikifika anaingia na watu watatu ambao hajawahi kuwaona. Hakuna kadi ya uanachama, wala huulizwi wewe mtoto wa nani. Mchezo ukiisha mnagonganisha vibao, mnakaa benchi kusubiri zamu nyingine, na hapo ndipo maneno yanaanza. Umetoka wapi? Mbona unapiga hivyo? Umekula wapi tangu ufike? Mwandishi anataka nini zaidi? Mnarani nani atakuuliza umekula wapi?

Tuje kwenye chakula. Hapa napo mna ugonjwa. Mtu akifika soko la Pike Place anakimbilia foleni ndefu ya kahawa, kwa sababu kaambiwa lile ndilo duka la kwanza la Starbucks. Siyo la kwanza, jamani. La kwanza lilifunguliwa mwaka 1971 mtaa wa jirani, likahamia hapo mwaka 1976. Watu wanasimama juani kuabudu anuani isiyo yenyewe, na huku wamelipa kisogo soko lenyewe, lenye kisa kinachotosha riwaya tatu.

Soko lile lilifunguliwa Agosti 1907. Bei ya vitunguu ilikuwa imepanda mno, wananchi wakachoshwa na madalali, ndipo baraza la jiji likaruhusu wakulima waje wauze wenyewe kwa walaji. Baadaye wakubwa wakataka kulibomoa wajenge majengo ya kisasa. Msanifu majengo Victor Steinbrueck na wenzake wakapinga, wakalipeleka suala kwenye kura, na mwaka 1971 wapiga kura wa Seattle wakaamua soko libaki. Sisi tuliokwishaona mabanda yakivunjwa alfajiri, tunakijua kisa hicho bila mkalimani. Kula samaki aina ya salmoni pale, lakini kula huku unajua nani alipigania meza unayolia.

Halafu, dada, usiishie sokoni. Mjomba wako yuko Kent. Kutoka kwake hadi Tukwila na SeaTac wamejaa watu wa pembe yetu: Wasomali, Waethiopia, Wakenya, Wakongo. Kula sambusa huko. Usione haya eti umesafiri mbali kula cha nyumbani. Sikiliza Kiswahili kinavyosemwa na mtoto aliyezaliwa kule. Hicho nacho ni kitu cha kuona, tena hakina kiingilio.

Sasa nitaje kasoro ya ratiba, maana sikukalia kalamu ili nimsifu tu. Dada ameweka "kuona mji" jioni, kama kitu cha kumalizia siku, mtu akishashiba. Hapo simuungi mkono. Nao wanaopenda kula na kucheza tu, bila kuuliza wamekanyaga ardhi ya nani, nawatia kapu moja na wapanda mnara.

Achukue siku nzima avuke kwenda Bainbridge. Kivuko kutoka katikati ya Seattle kinachukua dakika 35 hivi, na abiria wa miguu analipa akienda tu, kurudi bure. Asubuhi acheze pikoboli kwenye viwanja vya Battle Point, kisiwa kile kile ulikozaliwa mchezo. Halafu aende Eagledale, ilipokuwa gati ya zamani. Pale pana ukuta wa mbao wenye majina ya watu.

Tarehe 30 Machi 1942 askari wa Marekani waliwasindikiza hadi gati ile watu 227 wa asili ya Kijapani, wakapandishwa kivuko. Wengi wao walikuwa raia, wamezaliwa Marekani. Walikuwa wakulima wa stroberi, wanafunzi, akina mama wenye watoto. Kosa lao lilikuwa asili yao, kwa vile Japani na Marekani zilikuwa vitani. Walikuwa wamepewa siku sita za kujiandaa, wachukue wanachoweza kubeba. Wakapelekwa kambi ya Manzanar, California. Wao ndio waliokuwa wa kwanza, wengine zaidi ya laki moja wakafuata. Na sokoni Pike Place, ambako wakulima wa Kijapani walikuwa wengi sana, meza zao zikabaki tupu.

Siku sita! Sawasawa na ratiba ya dada yetu. Kutoka mwaka ule hadi pikoboli ilipobuniwa ni miaka 23 tu. Kisiwa ni kile kile. Anayecheza bila kulijua hilo amekiona nusu, na anayesoma majina bila kucheza na wenyeji naye amekiona nusu.

Mnadhani natia chumvi? Gazeti dogo la kisiwani, Bainbridge Review, chini ya Walt na Milly Woodward, lilipinga waziwazi uonevu ule. Miaka mingi baadaye David Guterson, aliyekuwa mwalimu wa sekondari kisiwani hapo, akaandika riwaya ya Snow Falling on Cedars, iliyotoka mwaka 1994. Kisiwa cha kwenye riwaya amekibuni, lakini machungu yale ameyachota hapo. Alikuwa mtu anayeishi na wenyeji, anafundisha watoto wao. Riwaya ile haikutoka mnarani.

Najua wapo watakaosema: sisi viza hatuna, nauli hatuna, Seattle inatuhusu nini? Inawahusu, kwa sababu ugonjwa huu mnao hata mkienda Tanga. Mnafika Zanzibar mnapiga picha mlango wa Kizanzibari, na wazee wanaocheza bao barazani mnawapita kama nguzo. Mnakula chipsi hotelini kwenye mji wenye urojo! Kisha mnarudi mnaandika hadithi ya Zanzibar, mhariri anaikataa, mnasema ana chuki binafsi.

Mpango wa ziara ni rahisi. Tafuta mchezo unaokubali mgeni, ucheze mpaka ujulikane. Uliza wachezaji wenzako wanakula wapi, kaleni pamoja. Kisha waulize ni jambo gani lilitokea hapa ambalo watu hawapendi kulisema, uende ukapaone kwa miguu yako. Mnara, kama muda utabaki, panda.

Anayebisha na aandike, kurasa zipo. Ila atujibu kwanza: katika mji wa mwisho aliotembelea, aliondoka anawajua watu wangapi kwa majina?