Neno Moja, Mizigo Mingi

Neno la Kiingereza "charge" limeshamiri katika ofisi zetu. Asili yake ni Kilatini, kupakia mzigo garini; Waingereza wamelipokea kwa Wafaransa. Tangu hapo limetwishwa kila kitu: bei, shtaka, dhamana ya kazi, shambulio la askari wapanda farasi, baruti ya mzinga, hata umeme wa betri. Waingereza hatuwalaumu, lugha ni yao. Tunaowalaumu ni watumishi wenzetu wanaomwambia mzee aliyetoka shamba, "Kuna chaji." Atajuaje kama anadaiwa ada ama anashtakiwa? Tumewaona waliorudi majumbani bila ya cheti, kwa khofu tu. Tunawataka wakuu wa idara wahakikishe kwamba kila tangazo linalobandikwa dirishani linaitaja ada kwa jina lake, pamoja na kiasi chake.