Wahami wa Lubunga si wao wanaomaliza msitu

Kila asubuhi moshi ukipanda kwenye makao ya wahami huko Lubunga, ngambo ya kushoto ya mto Congo, kuna watu wa Kisangani wanaosema: hawa watatumalizia miti kwa kuoga maji ya moto. Maneno hayo si ya haki.

Tangu Februari 2023, mzozo wa udongo kati ya Wambole na Walengola umefukuza maelfu ya watu vijijini mwao. Wengi walikimbia na nguo za mwilini tu. Mama aliyejifungua juzi, mtoto wa wiki mbili, mzee aliyenyeshewa usiku kucha: nani atawaogesha kwa maji baridi? Maji ya moto si anasa.

Na mji wenyewe unapikia nini? Makala. Umeme wa bwawa la Tshopo haufiki nyumba nyingi, na magunia yanaingia kila siku kwa baiskeli na kwa pirogi. Makala inakula miti kuliko kuni, maana nguvu nyingi ya mti inapotea kwenye tanuru. Mwenye mbabula tatu nyumbani asimhukumu mwenye mafiga matatu.

Wanaolipa bei kubwa ni wamama na wasichana. Kutafuta kuni ni kurudi upande ule ule waliokimbia.

Kupunguza kuni kunawezekana. Kwa kuoga, hakuna haja ya kuchemsha ndoo nzima. Litre 2 zilizochemka, zikichanganywa na litre 8 za kawaida, zinatosha kumwogesha mtu mzima. Sufuria ifunikwe, kuni zikaushwe. Kwenye beseni litangulie maji baridi, ndipo ya moto, ili mtoto asiungue.

Lakini mashauri hayawashi moto. Kanuni za Sphere, ambazo mashirika ya msaada yanasema yanazifuata, zinataka mhami apate jiko salama na kitu cha kuwashia. Kumpa mtu maharage yanayopikwa masaa mengi bila kuni ni kumsaidia nusu.

Basi serkali ya jimbo na mashirika watoe mbabula zinazokula kidogo, na kuni zinunuliwe pamoja na chakula. Zaidi ya yote, watafute amani ya kurudisha watu kwenye mashamba yao. Mwenye kwake hapigi foleni ya kuni.