Ritifaa Isimkoseshe Mtu Kitabu

Muhula uliopita sisi wa chama cha kompyuta tulitunga programu ya kuazimia vitabu maktabani. Mambo yalikwenda sawa bin sawia, mpaka akafika mwenzetu aitwaye Ng'ang'a. Tulipoandika jina lake, programu ikagoma. Akarudi bwenini mikono mitupu.

Kisa ni nini? Tulitumia Django, iliyotolewa kwa umma mwaka wa 2005. Ndani yake mna mkalimani: wewe unaandika Python, naye anaigeuza kuwa SQL, lugha ya hifadhidata. Mkalimani huyu hasumbuliwi na jina lolote. Lakini orodha ya vitabu anavyodaiwa mtu, pamoja na siku alizochelewa, ilitushinda kuiandika kupitia kwake. Basi tukaandika SQL yetu wenyewe, tukaipitisha katika njia yake ile ile ya kufikia hifadhidata. Jina la mwanafunzi tukalibandika tu katikati ya swali.

Kumbe SQL hufungia maneno kwa alama iyo hiyo ya ritifaa! Ilisoma "Ng", ikadhani jina limekwisha, na yaliyobaki ikayaona upuzi mtupu.

Wengine wakasema tuifute ritifaa, aandikwe Nganga. La hasha! Sisi wapenzi wa Kiswahili twajua kuwa ng'ombe si "ngombe". Hapa Nakuru akina Ng'ang'a na Ng'eno ni tele. Mtu hapunguziwi jina ili mashine ipumzike. Wengine wakataka SQL ya mkono ipigwe marufuku kabisa. Hilo pia silikubali, kwani ripoti nyingine huandikika vyema kwa SQL kuliko kwa mkalimani.

Maoni yangu ni haya: mahali pa jina weka pengo, yaani %s, bila kulizungushia alama za nukuu. Kisha jina lenyewe lipeleke kando, katika orodha yake. Hapo hifadhidata italipokea kama jina, si kama sehemu ya amri. Tena, mjanja akiandika amri ya kufuta vitabu mahali pa jina, amri hiyo haitatekelezwa. Sisi tulibadilisha mstari mmoja tu, na mwenzetu akapata kitabu chake.

Wahenga walinena, jina jema hung'ara gizani. Nawe tazama, hata kung'ara kwenyewe kunahitaji ritifaa!