Sanduku Lililojaa Si Chama Kizima

Huko Banalia, kama popote, chama kidogo kikipata msaada watu husema: "Sasa kimepona." Sisi twakataa. Msaada ni mvua ya siku moja, na chama hula mwaka mzima.

Mwezi wa Septemba 2021 homa ya uti wa mgongo ilitangazwa Banalia. Wasaidizi walifika na dawa na chanjo, nasi twashukuru. Lakini fedha zinazoletwa na hatari huondoka pamoja nayo. Chama kinachoandika wafanyakazi wapya kwa fedha za namna hiyo kitawalipa nini mwaka ujao?

Wengine hujibu: "Tazameni daftari, jumla yaongezeka kila mwaka." Zaongezeka tarakimu! Je, tumesahau? Mwaka 1993 zaire za kale 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya 1. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa faranka 1. Aliyezifungia sandukuni fedha za wajane aliibiwa pasipo mwizi kuingia. Basi mtunza fedha na aandike, kando ya jumla ya kila mwaka, bei ya mfuko wa saruji na ya kilo ya chumvi. Hapo tutaona kama chama kimenenepa au kimekonda.

Tena atenge fedha za wanachama na fedha za wageni. Za wanachama zikipungua miaka mitatu mfululizo, chama kinaugua, hata kama za wageni zinafurika.

Wala tusiseme hesabu ni kazi ya wakubwa wa Kisangani. Sheria ya tarehe 20 Julai 2001 yahusu vyama vyote visivyotafuta faida. Na tangu tarehe 1 Januari 2024 nchi za OHADA, ambamo Kongo iliingia mwaka 2012, zina kanuni moja ya hesabu za vyama hivyo. Nayo yawapa wadogo njia nyepesi, ya kuandika zilizoingia na zilizotoka. Mama zetu wa likelemba sokoni wajua nani amelipa na nani bado. Je, chama chenye rais, katibu na mhuri kishindwe?

Kila mwisho wa mwaka daftari lisomwe mbele ya wote, pamoja na la miaka iliyopita. Rais anayelificha asiombe mchango; na mwanachama asiyetoa mchango asishangae siku mlango utakapofungwa.