MAMBO YA NYUMBANI: Kutia Nta Mfuko wa Turubai

Mwalimu aziendeaye shule za mbali kwa baiskeli hutia vitabu na daftari ya mahudhurio katika mfuko wa turubai, akadhani vimo salama. Mvua ya masika ikimshika njiani, hufika na karatasi zimegandamana. Si kwamba turubai ni mbovu. Turubai ni pamba; uzi wake ukilowa huvimba na kuziba matundu kidogo, lakini palipo na kitu kinachoigusa kwa ndani, maji hupenya. Na kitabu kimeigusa kote kote.

Dawa yake ni nta ya nyuki, nayo si ya kuagizwa mbali, kwani watu wa Tabora wameifanyia biashara tangu zamani. Mabaharia wa Uingereza walipaka matanga yao mafuta ya mbegu za kitani, yakageuka manjano na kukakamaa kwa baridi. Tena matambara yaliyolowa mafuta hayo, yakirundikwa pembeni, huweza kupata moto yenyewe na kuwaka pasipo kiberiti. Katika nyumba yenye watoto hatuyashauri.

Kwanza usugueni mfuko kwa brashi na maji matupu, bila sabuni, maana mabaki ya sabuni huvuta maji. Uanikeni ukauke hata ndani ya mishono. Twaeni nta ya nyuki na mishumaa ya kawaida, sawa kwa sawa. Nta ya nyuki peke yake hunata mikononi. Ya mishumaa peke yake hupasuka palipokunjwa.

Sasa angalieni sana. Nta huyeyuka katika digrii 63 hivi, maji yakiwa hayajachemka bado. Basi itieni katika kopo, na kopo katika sufuria ya maji. Msiiweke kamwe juu ya makaa yenyewe, kwani ikipata moto mno mvuke wake huwaka. Ikiwaka, msimwagie maji, maana yatairusha nta yenye moto usoni mwenu. Funikeni kopo kwa kifuniko, mkazime jiko.

Ikiisha kuyeyuka, imimineni katika kibati, igande kama kipande cha sabuni. Sugueni turubai kwa kipande hicho, mkikaza mishononi, kisha itandazeni juani adhuhuri, nta iingie ndani ya uzi. Wengine hutumia pasi ya makaa. Cheche zake hatuzipendi.

Hema la kulala msilitie nta, hasa mkiwasha taa ndani au kupika mlangoni, kwa kuwa turubai yenye nta hushika moto upesi. Na mfuko wa nailoni hauna faida nayo; hubaki juu juu tu.

Uacheni mfuko siku mbili, kisha umwagieni kikombe cha maji. Yakikusanyika matone kama juu ya jani la myugwa, mwaweza kutia vitabu. Yakienea, sugueni tena mahali hapo.