Kituo cha Pugu na Haki ya Msafiri wa Kila Siku



Pugu si jina geni masikioni mwa waamini wa Dar es Salaam. Hapo ndipo wamisionari Wabenediktini walipofungua misheni mwaka 1888, na hapo ndipo Mwalimu Nyerere alipofundisha kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955. Safari hii tunapenda kuitazama Pugu kwa upande mwingine, yaani kituo chake cha reli, kilicho umbali wa kilomita 20 hivi kutoka katikati ya jiji. Historia ya kituo hicho inatuuliza swali la haki: je, reli ni ya nani?

Reli ya Kati ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakati wa utawala wa Wajerumani. Ilifika Morogoro mwaka 1907 na Kigoma mwaka 1914. Haikujengwa ili kumpunguzia mkazi wa Pugu mwendo wa kwenda mjini. Ilijengwa ili mazao ya bara yafike bandarini na mamlaka ya mkoloni yafike bara. Mkoloni aliondoka, lakini desturi hiyo ilibaki kwa miaka mingi: treni ilipita vitongojini ikielekea mbali. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika mwaka 1977, nchi yetu iliunda shirika lake. Mwaka 2007 reli ilikodishwa kwa ubia na kampuni kutoka India, na haikupita miaka mitano serikali ikaichukua tena. Katika mabadiliko yote hayo, mtu wa kitongojini aliendelea kutegemea mabasi ya UDA, na baadaye daladala.

Abiria wa jiji alikumbukwa Oktoba 2012. Treni moja ilianza kwenda Ubungo kwa Reli ya Kati, na nyingine Mwakanga kwa reli ya TAZARA. Wananchi waliibatiza "treni ya Mwakyembe", kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Mwaka 2016 huduma hiyo ilifika Pugu kwa Reli ya Kati, ikipita Buguruni, Vingunguti na Gongo la Mboto. Kisha, Juni 2024, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro katika reli mpya ya kiwango cha kimataifa, nayo ina stesheni Pugu.

Tunayapokea maendeleo hayo kwa shukrani. Hata hivyo, haifai tuchanganye mambo mawili. Treni ya mwendo wa kasi humfaa anayesafiri kwenda mkoani mara moja moja. Treni ya jiji humfaa anayesafiri kila siku ili ale. Ya kwanza huleta sifa; ya pili huleta mkate. Endapo injini au fedha zitapungua, ni ipi itakayoachwa kwanza? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha ni nani tunayemhesabu kuwa mwananchi kamili.

Tukumbuke mfano wa Bwana wetu juu ya wafanyakazi katika shamba la mizabibu. Mwenye shamba hakutoka alfajiri peke yake. Alitoka saa tatu, saa sita, saa tisa, hata saa kumi na moja, na kila mara aliwakuta watu wakingoja kazi. Treni ya jiji iliyopangwa kwa ajili ya saa za kwenda na kurudi ofisini huwafaa walioajiriwa alfajiri. Lakini mama anayewahi samaki Feri usiku wa manane, mlinzi anayetoka lindo mchana, na kijana anayetafuta kibarua kwa siku, hao nao wanangoja kituoni.

Wapo pia wanafunzi. Sote tumewaona wakisukumwa mlangoni mwa daladala kwa sababu nauli yao ni ndogo. Binti anayekosa usafiri hadi giza liingie ni rahisi kunaswa na mtu anayempa lifti kwa nia mbaya. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba msongamano, huduma za nadra na ukosefu wa usalama katika usafiri wa umma hudhalilisha utu wa watu. Basi ratiba ya treni si shauri la wahandisi peke yao. Ni shauri la dhamiri.

Wakati huohuo tusinyoshe kidole kwa serikali tu. Anayepanda bila kulipa nauli huwaibia wenzake. Anayeng'oa vyuma vya reli na kuviuza kama chuma chakavu huweka rehani roho za watu. Anayetupa taka relini au kujenga ndani ya eneo la reli hujitafutia hatari, kisha hulia bomoabomoa inapofika. Haki na wajibu ni mapacha.

Tunapendekeza, basi, kila jumuiya ndogo ndogo iliyo karibu na reli ifanye mambo matatu. Kwanza, ihesabu ni nani kati yetu hutembea kwa miguu kwa kukosa nauli au treni, na kwa saa zipi. Pili, viongozi wa walei wapeleke hesabu hiyo kwenye mkutano wa mtaa na kwa diwani, kwa upole na kwa maandishi. Tatu, tuwafundishe watoto wetu kuilinda reli kama mali ya familia.

Kwa zaidi ya miaka mia moja reli imepita Pugu. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba haimpiti mtu wa Pugu.